Sura ya Tano: Je, Ni Baridi ya Ziwa Inayovimbisha Vidole?

Swali hili huulizwa ukanda wote wa magharibi mwa Ziwa Victoria, kutoka Kashozi hadi Muleba, na huulizwa zaidi masika yakipamba moto: "Daktari, ni mvua hizi zinazoniumiza mikono?" Muulizaji mara nyingi ni mwanamke wa miaka thelathini au arobaini na kitu. Vidole vimemvimba hadi pete ya ndoa haitoki. Jibu analo tayari kabla hajakaa kwenye kiti. Kila alfajiri hutoka nje ukungu ukiwa bado umetanda juu ya migomba, hushika maji ya baridi, hupalilia majani yakiwa na umande. Wazee wake wameuita ugonjwa huu baridi yabisi tangu zamani, na yeye haoni sababu ya kuwapinga.

Baridi haileti ugonjwa huu. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini, lakini baridi yabisi huwapata pia watu wa Dodoma kwenye ukame, na watu wa Muscat ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, na kati ya kila 100, karibu 70 ni wanawake.

Mchoraji Mfaransa Pierre-Auguste Renoir alianza kuugua yapata mwaka 1892, mwaka ambao Wamisionari wa Afrika walifungua misheni yao Kashozi. Naye alidhani jua litamponya. Akahamia kusini mwa Ufaransa, na mwaka 1907 akanunua shamba Cagnes, karibu na bahari, mahali pa joto na mizeituni. Ugonjwa ukamfuata hukohuko. Vidole vikapinda, miguu ikagoma, akamalizia maisha yake kwenye kiti cha magurudumu, wasaidizi wakimwekea brashi mkononi. Hakuacha kuchora mpaka alipofariki mwaka 1919, ila jua la Cagnes halikumrudishia hata kidole kimoja.

Basi kwa nini maumivu huzidi siku ya mvua? Wagonjwa wengi husema hivyo, nami nawaamini. Kwenye ubaridi misuli hukaza, na kiungo kilichokwisha kuvimba huhisi zaidi. Vaa sweta, nawa kwa maji ya uvuguvugu, kaa karibu na moto; yote hayo hupunguza maumivu. Hayazuii ugonjwa wenyewe kuendelea na kazi yake ndani ya kiungo, na hapo ndipo watu wengi hupotezwa.

Askari waliokosea adui

Watu wa Kagera hawahitaji somo refu kuhusu askari wa mwili, yaani kinga yake. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na kizazi kizima kimekua kikisikia kanisani, shuleni na redioni jinsi virusi vinavyowaua askari hao mpaka mwili unabaki bila ulinzi.

Katika baridi yabisi askari hawajafa. Wapo, wana nguvu, ila wamekosea adui. Wanaushambulia utando mwembamba uliofunika kiungo kwa ndani, ule unaotoa majimaji ya kukilainisha. Utando unavimba, unapata joto, unanenepa. Ukiachwa, unaanza kula gegedu, yaani ile sehemu nyeupe inayoteleza ambayo unaiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku, na baada ya gegedu unakula mfupa. Kano zinalegea, vidole vinaanza kuegemea upande wa kidole kidogo.

Kwa nini askari wakosee? Sehemu ya jibu iko kwenye vinasaba, ile mirathi ya mwili tunayopewa na wazazi: mtu mwenye ndugu wa damu anayeugua yuko kwenye hatari kubwa kidogo kuliko wengine. Sigara huongeza hatari, na humfanya anayeugua augue vibaya zaidi. Ugonjwa hauambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja.

Na hakuna jirani aliyekuroga. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu ugonjwa unaopinda mikono ya mwanamke kijana aliyekuwa mzima mwaka jana huzua maneno haraka. Wifi hutazamwa vibaya, mke mwenza hutajwa, na wakati ukoo unatafuta mkosaji, utando ule unaendelea kula mfupa.

Namna ya kuutambua

Siku ya Jumapili, padri anaposema mtakiane amani, mtazame anayeficha mkono au anayetoa ncha za vidole tu. Mkono ukibanwa kwenye vifundo, pale vidole vinapoota kutoka kiganjani, mwenye baridi yabisi huumia hadi machozi. Madaktari hutumia jambo hilohilo kama kipimo cha kwanza: huubana mkono kwa upole kutoka pande mbili, kisha hufanya vivyo hivyo kwenye mguu, chini ya vidole.

Dalili nyingine ni hizi:

- Asubuhi viungo vimekakamaa, na huchukua zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima au zaidi, kabla ya kulegea.
- Pande zote mbili zinaumwa. Kiganja cha kulia kikivimba, cha kushoto nacho hakikawii.
- Viungo vidogo hutangulia: vifundo vya vidole, viungo vya katikati ya vidole, kifundo cha mkono, sehemu ya mbele ya unyayo. Vile vya karibu na kucha kwa kawaida husalimika.
- Hali imedumu zaidi ya wiki sita.
- Mwili umechoka kwa uchovu usioisha kwa kulala. Pengine kuna homa ndogo, kupungua uzito au upungufu wa damu.

Uchovu huo usidharauliwe. Mume huona mke amekuwa mvivu, mwalimu mkuu huona mwalimu wake amepoteza ari, kumbe mwili uko vitani usiku na mchana.

"Una gauti, acha nyama"

Hakuna sentensi iliyochelewesha wagonjwa wengi kama hii. Siku hizi kila kiungo kinachouma huitwa gauti, na kila mwenye gauti huambiwa aache nyama nyekundu na maharage. Mama anaacha maharage, chakula kinachompa nguvu kila siku pamoja na ndizi, anakonda, na vidole vinazidi kuvimba.

Gauti ni ugonjwa mwingine. Husababishwa na asidi ya yuriki, taka ya kawaida ya mwili, inapozidi kwenye damu na kuganda kama chembe kali ndani ya kiungo. Huwapata zaidi wanaume, huanza ghafla, mara nyingi usiku, na hupenda kidole gumba cha mguu. Baada ya siku kadhaa hutulia kabisa. Huko ndiko nyama na pombe vina neno. Kwenye baridi yabisi hakuna chakula kinachojulikana kuuleta ugonjwa wala kuuponya. Kula ndizi zako na maharage, samaki na dagaa wa ziwani, mboga na matunda.

Kuna pia kuchakaa kwa viungo, kunakoanza zaidi uzeeni, hasa magotini na nyongani. Goti lililochakaa huuma ukilitumia na hupata nafuu ukikaa. Baridi yabisi hufanya kinyume: ukikaa muda mrefu hukakamaa, ukisogea hulegea.

Maambukizi nayo huigiza ugonjwa huu. Chikungunya, homa iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde, huko Newala, huweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi mingi baada ya homa kwisha. Bruselosi, ambayo watu huipata kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha ng'ombe mgonjwa, huuma mgongo na viungo pamoja na homa inayokuja na kuondoka. VVU pia huweza kuvimbisha viungo. Ndiyo maana daktari mzuri atakuuliza kuhusu maziwa unayokunywa na atapendekeza upime VVU, usiudhike.

*Kwa kifupi: kiungo kimoja kilichovimba ghafla usiku ni tofauti na viungo vingi vidogo, pande zote mbili, vinavyokakamaa kila asubuhi kwa wiki sita. Mwenye hali hii ya pili asipewe orodha ya vyakula. Apelekwe hospitali.*

Vipimo na mipaka yake

Kipimo kinachojulikana zaidi huitwa RF. Kinatafuta kwenye damu aina ya protini ambayo wagonjwa wengi wa baridi yabisi wanayo. Tatizo ni kwamba wapo wagonjwa wa kweli ambao hawana, na wapo watu wasio na ugonjwa huu ambao wanayo kwa sababu ya kifua kikuu, homa ya ini au maambukizi mengine ya muda mrefu. Katika nchi yenye maambukizi mengi kama yetu, RF peke yake isimhukumu mtu wala isimwachie huru. Kipimo kiitwacho anti-CCP huaminika zaidi lakini hakipatikani kila mahali. Vipo vingine viwili, ESR na CRP, vinavyoonyesha tu kwamba mwilini kuna uvimbe unaoendelea, bila kusema umetoka wapi.

Picha ya eksirei ya mwanzoni inaweza kuonyesha mifupa mizima kabisa. Hiyo ni habari njema: umefika mapema. Isitafsiriwe kwamba unajisingizia.

Miezi inayopotea

Hapa nataka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu sehemu iliyobaki ya sura hii haina maana bila hili.

Mfuate yule mama wa mwanzo wa sura. Vidole vinaanza kuvimba mwezi wa tatu. Anaanza kwa kujikanda na maji ya moto, na ni haki yake, kwani nafuu anaipata. Mwezi wa tano dada yake anamletea dawa ya kuchua. Mwezi wa sita anachomwa sindano ya diklofenaki kwenye duka la dawa. Siku tatu anatembea vizuri, ya nne anarudi palepale. Mwezi wa nane anaambiwa ni gauti. Mwezi wa kumi anapelekwa kwa mganga, na kabla ya Krismasi anaombewa. Akifika hospitali ni masika tena. Hakukaa bure hata siku moja, kila mmoja alimpenda na kumsaidia, na mifupa ya kifundo cha mkono imekwisha kulika.

Uharibifu mkubwa hutokea mapema. Dawa zikianza ndani ya miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, wengi huweza kuutuliza ugonjwa hadi ukawa kama haupo. Zikianza baada ya miaka miwili bado husaidia, lakini mfupa uliolika haurudi. Maombi hayagombani na vidonge, na maji ya moto hayagombani na hospitali. Kinachogombana na kiungo chako ni kuvisubiri vyote kwa zamu.

Dawa ya kutuliza na dawa ya kuzuia

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu na uvimbe. Haziugusi ugonjwa. Zikitumiwa miezi na miaka huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo.

Prednisoloni ina historia ya kusisimua. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Dk. Philip Hench alimpa dawa mpya, baadaye ikaitwa kotisoni, mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hawezi hata kugeuka kitandani. Baada ya siku chache alitembea. Dunia ilishangilia, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili, Edward Kendall na Tadeusz Reichstein, wakapewa Tuzo ya Nobel. Kisha madhara yakaanza kuonekana: uso kuvimba, sukari kupanda, mifupa kuwa dhaifu. Prednisoloni ni ndugu wa kotisoni. Daktari huitoa kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi, wakati dawa ya kuzuia bado haijaanza kufanya kazi. Usiinunue mwenyewe, na ukiwa umeitumia kwa wiki nyingi usiikatize ghafla, kwani mwili unaweza kuzimia. Jihadhari pia na unga au vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa kama "dawa ya asili ya viungo". Dawa inayokuinua kitandani usiku mmoja inawezekana imechanganywa na ndugu huyuhuyu wa kotisoni.

Dawa ya kuzuia inayotangulia karibu kila mahali duniani ni methotreksati, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1988. Inawapunguza ukali askari waliokosea adui. Haitulizi maumivu siku hiyohiyo. Huchukua wiki sita hadi kumi na mbili, na hapo ndipo wengi huiacha wakidhani imeshindwa. Mambo yake yashikwe kwa makini:

- Humezwa mara moja kwa WIKI, si kila siku. Kuimeza kila siku kwa kukosea kumeua watu. Chagua siku isiyosahaulika, kwa mfano Jumapili baada ya misa, na mweleze mtu mmoja nyumbani.
- Huambatana na vidonge vya asidi ya foliki, vitamini inayopunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo.
- Damu, ini na figo hupimwa kabla ya kuanza, kisha mara kwa mara.
- Pombe, iwe rubisi au enkonyagi, iwekwe kando. Ini haliwezi kubeba mizigo miwili.
- Mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia.

Kwa sababu inapunguza ukali wa askari, daktari atahakikisha kwanza huna kifua kikuu kilichojificha, homa ya ini wala VVU visivyotibiwa. Ukipata homa kali au kikohozi kisichoisha, rudi hospitali usingoje miadi. Zipo dawa nyingine za kuzuia, kama haidroksiklorokwini na salfasalazini, ambazo hutolewa peke yake au pamoja na methotreksati.

Mkoa huu unajua kuishi na vidonge vya maisha. Tangu dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, familia za hapa zimejifunza kuheshimu saa ya dawa, kutunza kadi ya kliniki, na kutoiacha dawa eti kwa sababu umejisikia mzima. Mwenye baridi yabisi anahitaji ujuzi uleule, na mara nyingi mwalimu wake yupo jirani.

Mikono yenye kazi

Ndizi lazima zimenywe. Kisu chembamba humlazimisha mgonjwa kukaza vidole. Kizungushie mpini kitambaa au mpira wa baiskeli uliochakaa mpaka unenepe, na mkono utashika bila kubana. Menya ukiwa umekaa, wakati viungo vimekwisha kulegea, si alfajiri. Ndoo ibebwe nusu, au ibebwe kwa mikono miwili ukiikumbatia kifuani. Nguo nzito usizikamue, zitundike zichuruzike. Kuchuma kahawa na kunyonyoa mbawa za senene ni kazi za ncha za vidole: fanya kidogo, pumzika, rudi. Ndala nyembamba huumiza unyayo wa mbele. Raba pana yenye soli laini ni bora hata kama ni ya mtumba.

Kiungo kilichovimba na chenye joto kipumzishwe. Siku za nafuu kitembezwe, kikunjwe na kukunjuliwa, kwa sababu kiungo kisichotumika hukakamaa na misuli yake hukonda. Mtaalamu wa mazoezi tiba atakuonyesha namna. Christiaan Barnard, daktari wa Cape Town aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu tarehe 3 Desemba 1967, alikuwa ameugua baridi yabisi tangu miaka ya 1950. Alipasua kwa mikono hiyo hadi mwaka 1983, maumivu yalipomlazimisha kustaafu.

Kuna kazi moja ya mwili ambayo vitabu vya wageni havitaitaja. Kwa Wahaya mwanamke humsalimia mkubwa akiwa amepiga magoti. Mke ambaye magoti yamevimba hujikuta akichagua kati ya maumivu na kuonekana hana adabu, na wengi huchagua maumivu. Mzigo huu asiachiwe yeye. Mume ndiye aende kwa mama yake mapema, amwambie, "Mama, mkwe wako anaumwa magoti, atakusalimia amekaa; heshima yake ni ileile." Nimeona mama wakwe wakilipokea hilo kwa huruma kubwa kuliko ilivyotarajiwa, pengine kwa sababu wao wenyewe magoti yanawauma.

Mimba na uzazi

Wanawake wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha ugonjwa hurudi kwa nguvu miezi michache baada ya kujifungua. Wengine huanza kuugua wakati huo kwa mara ya kwanza, na huambiwa hawakukandwa vizuri kwenye arobaini. Bibi aliyekukanda hana kosa. Anayetumia methotreksati atumie uzazi wa mpango, na akitaka mtoto azungumze na daktari miezi kadhaa kabla ili abadilishiwe dawa. Salfasalazini na haidroksiklorokwini kwa kawaida huweza kuendelea wakati wa mimba.

Kujiandaa kwa kliniki

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uombe rufaa kwa maneno yaliyo wazi: "Viungo vya mikono yote miwili vimevimba kwa zaidi ya wiki sita." Kutoka Kashozi rufaa huenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, upande wa Muleba zipo pia Rubya na Ndolage. Mambo yakihitaji utaalamu zaidi, ni Bugando, Mwanza. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache sana nchini, kwa hiyo daktari wa magonjwa ya ndani ndiye atakayekuhudumia mara nyingi, na anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri.

Ukisafiri kwenda Mwanza kwa meli ya usiku, weka miadi ya mchana kama inawezekana, maana viungo vitakuwa vimekakamaa kwa safari. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na zile za mitishamba, na usizifiche. Andika kwenye daftari la mtoto wa shule: ukakamavu wa asubuhi ulidumu muda gani, viungo gani vilivimba, ni kazi gani ulishindwa wiki hiyo. Siku za maumivu makali omba mtu aipige picha mikono yako kwa simu, kwa sababu siku ya miadi inaweza kuamka haina uvimbe hata kidogo, na daktari anahitaji kuuona uvimbe wa wiki iliyopita.